Kopo la Zamu

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao, miguu mitatu ni yake na wa nne ni tofali, kati ya mlango wa kinyozi na duka la vifaa vya umeme ambalo mwenyewe hafungui kabla ya saa tano. Birika ni la Mama Nusu. Anaitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akijaza kikombe; ukimlalamikia anakujibu kwamba kikombe kilichojaa humwagika, na kikimwagika utalalamika pia, kwa hiyo bora ulalamike mara moja. Kinyozi tunamwita Wembe, na si kwa ajili ya kazi yake, ni kwa ajili ya mdomo. Profesa hajafundisha popote. Alikuwa karani wa posta miaka thelathini, na hujisifu kwamba ameisoma dunia yote kwa nje ya bahasha. Mimi ni Soli, fundi viatu. Nakaa kwenye kigoda ukutani, chini kuliko wenzangu, na maneno yao mengi hunipita juu ya kichwa. Asubuhi ya Jumamosi ninayoisimulia tulikuwa sisi wanne. Chini ya benchi alikuwapo Zamu, mbwa wa Kamanda mlinzi, na juu ya benchi, mahali pa kukaa mtu mzima, palikuwa na kopo.

Kopo lenyewe ni la maziwa ya unga, mfuniko umetobolewa kwa kisu, na ubavuni limebandikwa karatasi yenye herufi kubwa: CHANGIA UTAFITI WA SARATANI KWA MBWA. Kamanda alilileta Jumatatu alipotoka lindo, bado amevaa koti lake zito, akasimama mbele yetu kama mtu aliyeitwa ofisini. Si mtu wa maneno. Alisema Zamu ana uvimbe shingoni. Amempeleka chuo cha mifugo wakampima, wakasema ni saratani na imeshasambaa, hakuna la kufanya. Lakini hapo chuoni wanautafiti ugonjwa huo, kazi inakwenda kwa michango ya watu, na wamempa kopo. Jumamosi saa nne daktari atapita kulichukua.

— Nawaombeni likae hapa, alisema. Msiniangushe.

Akaenda kulala. Zamu akabaki nasi kama siku zote, maana mchana yeye ni wa kijiwe na usiku ni wa lindo. Siku zikapita, na ilipofika Jumamosi kopo lilikuwa na sarafu mbili, zote za Mama Nusu, ambaye aliziweka ili mtu akilitikisa lisinyamaze. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake. Mimi nilitia mkono mfukoni mara mbili, na mara zote mbili Zamu akaniangalia, nikaona haya, nikautoa mtupu.

Wembe hakuwa na kichwa cha kunyoa. Alikaa pembeni mwa kopo na aproni yake, akaligeuza asome karatasi.

— Mimi tatizo langu ni maandishi, akasema. Saratani kwa mbwa. Kwa mbwa ni wapi?

— Wapi vipi? akauliza Profesa.

— Mtu akisema naenda kwa fundi, naenda kwa mama mkwe, si unajua ni wapi? Sasa hapa nachangia saratani, inakwenda kwa mbwa. Mbwa gani, mtaa gani? Utatoaje hela kwa anwani kama hiyo?

Neno anwani lilimgusa Profesa palepale alipotakiwa kuguswa. Akaweka kikombe chini.

— Wembe, hiyo si kwa ya mahali. Ni kwa ya chombo. Kukata kwa kisu, kuandika kwa kalamu, kutafiti kwa mbwa. Mbwa ndiye mtafiti mwenyewe. Pua ya mbwa, bwana, inaunusa ugonjwa kabla mashine haijauona. Wanamfundisha, wanampitisha wodini kitanda hadi kitanda. Akikaa chini mbele yako, umekwisha.

— Akikojoa je?

— Unaruhusiwa kwenda nyumbani.

— Nyie wote wawili hamjui kusoma, akasema Mama Nusu. Hiyo ni kwa ya kugawa. Kahawa kwa wateja, viti kwa wageni, saratani kwa mbwa. Wanakusanya hela wakawape mbwa saratani, waone itakuwaje.

— Dawa ya moto ni moto, akasema Profesa.

— Methali hiyo ungeiacha nyumbani leo. Na punguzeni sauti. Anasikia.

Tukainama wote kutazama chini ya benchi. Zamu alikuwa macho. Jina hilo Kamanda alimpa kwa sababu walikuwa wakipokezana: mmoja akisinzia, mwingine yu macho, miaka tisa. Uvimbe ulikuwa umefika ukubwa wa ngumi, upande wa kushoto chini ya taya, na kwa ajili yake sasa alilalia ubavu mmoja tu. Tulipomwangalia akapiga mkia chini mara moja, kwa adabu, kama mtu anayeitikia salamu huku ana shughuli nyingine.

— Ni kwa ya ndani, nikasema mimi. Saratani inavyowapata mbwa. Kama vile unavyosema homa kwa watoto.

— Soli, wewe shona, akasema Wembe.

Nikashona. Lakini naona alikuwa amenielewa, maana aliacha karatasi akaingia kwenye hoja yenyewe, ile aliyokuwa nayo moyoni tangu Jumatatu.

— Haya, na iwe hivyo. Ni ugonjwa wa mbwa. Sasa niambieni, watu hawafi? Dada yangu ana sukari mwaka wa sita, anapima kidole mpaka hana tena pa kutoboa. Nani kamletea kopo? Leo mbwa ana kopo, tena lina mfuniko. Ndiyo yale wazee waliyosema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Umeipeleka wapi hiyo? akauliza Profesa.

— Mbwa ndo mgeni. Sisi wenyeji. Aje yeye apone, sisi tufe.

— Umeipindua. Mwenyeji ndiye anayepona.

— Basi ndo maana nalalamika, haponi.

— Hapana, ngoja, akasema Mama Nusu, na birika likasimama hewani. Umesema kweli bila kujua. Kamanda si alituambia? Yule daktari alimwambia saratani ya mbwa na ya binadamu ni ndugu wa tumbo moja. Ila mbwa anaishi haraka. Kitu ambacho kwa mtu kinachukua miaka kumi kuonekana, kwa mbwa wanakiona kwa mmoja. Wakijua kwake watajua na kwetu. Mgeni kaja, mwenyeji apone.

Wembe akakung'uta aproni yake. Hapendi kusema kweli kwa bahati mbaya.

— Akili ni nywele, akasema Profesa. Kila mtu ana zake.

— Na mimi ndo nazikata, akasema Wembe, akarudi hali yake. Lakini kabla ya kutafiti wangetuuliza sisi tunaokaa naye. Sababu si inajulikana?

Hapo ndipo pakachangamka. Kuuliza watu wa kijiweni sababu ya kitu ni kumwaga mtama mbele ya kuku. Profesa akaanza kwa kuonyesha kidole juu ya paa la duka la vifaa vya umeme.

— Mnara wa simu. Miaka tisa kalala chini ya ule mnara. Mawimbi yanashuka kila usiku, maelfu ya watu wanaongea humo, mapenzi, madeni, matusi, yote yanampitia.

— Na Kamanda je? Si anakesha hapohapo?

— Kamanda ana kofia.

— Mnara gani, akasema Mama Nusu. Ni mifupa ya kuku wa kisasa. Yule kuku kachomwa sindano akue kwa wiki tano. Mfupa wake haujui kusimama, ukiingia kwa mnyama mwingine unaendelea kukua. Mimi mwenyewe nimewahi kuuacha kwenye sahani jioni, asubuhi nikauona umerefuka.

— Umerefuka?

— Kidogo.

— Uvimbe wenyewe pia ulianza kidogo, akasema Profesa. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo ni methali ya kopo, Profesa, siyo ya uvimbe.

— Kopo limeikataa.

Tukacheka, na tulipokwisha kucheka hakuna aliyeliangalia kopo. Wembe akasogea mbele kwenye benchi, maana zamu yake ilikuwa imefika na anapenda kusemea karibu.

— Nyie mnazunguka. Angalieni uvimbe uko wapi. Shingoni. Kwa nini usiwe mguuni? Mbwa wa lindo anaona mengi. Nani katoka mlango wa nani, saa ngapi, viatu kashika mkononi. Na hawezi kumwambia mtu. Sasa neno likikosa njia ya mdomo linarudi, linakwama hapo, linaganda. Ule ni mtaa mzima, ule. Wakiupasua chuoni watu wataachana.

— Kwa hesabu hiyo wewe huwezi kuugua kamwe, akasema Mama Nusu.

— Cheka tu. Mbwa ni kiumbe cha kubeba. Bibi yangu alikuwa anasema, mbwa akilala mlangoni mwa mgonjwa, anaubeba. Shemeji yetu, mke wa Kamanda, alipougua, Zamu alilala wapi? Si mlangoni pake, miezi yote ile? Kamanda mwenyewe alikuwa anamvuta kwenda lindo, mbwa hataki. Haya. Shemeji tulimzika Novemba. Ugonjwa wake tuliuzika? Ugonjwa hauzikwi. Ulitoka pale ukatafuta pa kukaa.

Hakuna aliyecheka. Mwanzoni nilidhani ni kwa sababu maneno yalikuwa mazito mno kwa asubuhi. Kisha nikamwona Zamu anajivuta kutoka chini ya benchi, na nikageuka. Kamanda alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta wa kinyozi. Hakuwa amelala. Koti la lindo lilikuwa bado mwilini, na jua lilikuwa limeshakuwa kali.

— Nilikuwa natania, Kamanda, akasema Wembe.

— Najua.

Zamu alimfikia, akaegemeza ubavu mguuni pake. Kamanda akamshika kichwa upande usio na uvimbe. Halafu akaja mpaka kwenye benchi, akaliinua kopo, akalitikisa. Sarafu mbili zina sauti yake, haifanani na sauti ya tatu wala ya kumi. Alisikiliza mpaka zikatulia, akalirudisha kopo palepale lilipokuwa, na karatasi akaielekeza barabarani. Ningependa angetutukana.

Profesa alijaribu kuokoa jahazi. Akamwita kwa upole:

— Kamanda, mzee mwenzangu, usitufikirie vibaya. Tunataka kuelewa tu. Zamu mwenyewe, wamesema haponi. Sasa hela yote hii ni ya nini?

— Hela ipi? akasema Kamanda.

Profesa akanywa kahawa iliyokuwa imeshakwisha kikombeni.

Kamanda hakukaa. Alizungumza akiwa amesimama, polepole, macho yake kwa Zamu.

— Shemeji yenu nilimpeleka hospitali siku aliyoshindwa kushuka kitandani. Nyonga. Wakapiga picha, wakasema saratani ya mfupa. Nikamuuliza daktari, hii imetoka wapi? Akasema, mzee, hatujui. Mtu mzima, kasoma, ananiambia hatujui. Nikaitikia, maana ningefanya nini. Nikamrudisha nyumbani na hilo hatujui, likakaa naye mpaka akaondoka. Sasa mwaka huu nampeleka huyu. Nikauliza swali lilelile. Huyu wa chuoni ni binti tu, anaweza kuwa mwanangu. Akasema hatujui bado. Bado. Wa kwanza hakuniambia hivyo. Nilitembea nyumbani na mbwa wangu nalirudia hilo neno. Zamu hatapona, hilo nimelipokea. Lakini mahali pamoja duniani kuna watu wamesema bado, na wanahitaji kopo.

Mama Nusu akajifuta uso kwa upande wa kanga, akamwambia akae anywe. Kamanda akasema hapana, daktari anakuja, anataka amkute amesimama.

Alikuja kweli, kwa miguu, na mkoba wa turubai begani. Binti wa miaka kama thelathini, mwembamba, viatu vya bapa vilivyooshwa asubuhi lakini pindo zake bado zina udongo wa zizini. Akatuamkia wote, shikamoo, mmoja mmoja, na Mama Nusu akampenda papo hapo. Hakuanza na kopo. Alichuchumaa mbele ya Zamu, akamwachia mkono aunuse kwanza, akangoja mpaka mbwa alipomaliza. Ndipo akaushika uvimbe kwa vidole vyote, kwa kuuzunguka, akafumba macho kama mtu anayesikiliza. Zamu akamwekea kidevu kifuani.

Alipoinuka alilichukua kopo. Likalia sarafu zake mbili.

— Asanteni sana, akasema.

Alisema bila kejeli, na hapo ndipo palipouma. Wembe alianza kueleza kwamba wiki ilikuwa mbaya, vichwa vichache, shule zimebana watu. Yeye akatikisa kichwa kwamba anaelewa.

— Hela inanunua vitu vya maabara, akasema, na ikichelewa tunangoja. Lakini utafiti si hela peke yake, wazee wangu. Kila mbwa ana karatasi yake, na hiyo hainunuliki.

Akatoa karatasi kwenye mkoba, akaiweka juu ya goti, akatoa kofia ya kalamu kwa meno.

— Mnyama anaitwa Zamu, dume, miaka tisa. Hayo ninayo. Uvimbe ulianza lini?

— Niliuona mwezi wa nane, akasema Kamanda.

— Ulikuwa na ukubwa gani ulipouona?

— Yai la kuku.

— Basi ulianza kabla ya hapo, mzee. Haufiki yai kwa siku moja. Mchana anakaa na nani?

Kamanda akatuonyesha kwa mkono wazi.

— Na hawa. Mimi mchana nalala.

Daktari akatugeukia, kalamu tayari, uso wake umejaa imani. Alikuwa ameona watu wanne wazima ambao mbwa amelala miguuni pao kila siku kwa miaka.

— Ulianza lini?

Hakuna swali rahisi kuliko hilo. Halikuhitaji mnara wala mifupa. Profesa akavua miwani akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Mama Nusu akasema yeye humtupia mkate, na Zamu akila humpa mgongo. Wembe akasema:

— Mimi mbwa huwa simgusi, daktari. Kila mtu na mambo yake.

— Sawa, akasema daktari. Hata kumwona akila kwa shida? Akigeuza kichwa vibaya?

Pikipiki ilipita, ikatupa muda kidogo, ikapotea.

— Hospitali waliniuliza hivyohivyo, akasema Kamanda. Maumivu yalianza lini. Wakanipa kiti, wakangoja. Miaka ishirini na sita ya ndoa, nikasema sijui. Mimi nikitoka yeye anaingia kulala, nikirudi yeye ameshakwenda sokoni. Wakachora mstari pale pa jibu, mstari mfupi tu. Nalinda milango ya watu usiku kucha, kila kufuli naijua, na nyumbani kwangu nikawa sina tarehe.

Wembe aliinuka, akaingia ndani kwake, akarudi. Akakunja noti mara nne akaisukuma ndani ya kopo. Noti haina sauti, na sidhani kama alitaka iwe nayo. Daktari alikuwa ameshaweka kalamu kwenye karatasi kuchora ule mstari mfupi.

— Mwezi wa kwanza, nikasema.

Sauti yangu ilitoka ndogo, nikarudia.

— Mwezi wa kwanza, daktari. Shule zilikuwa zinafunguliwa.

— Unakumbukaje?

— Nilikuwa na lundo la viatu vya shule mpaka hapa. Yeye huja akaniwekea kichwa gotini, nami humkuna shingo nikingoja gundi ishike. Mkono ukakuta kitu. Kigumu, kama punje ya kunde.

— Upande huu?

— Huo huo.

— Ukikibonyeza kilikuwa kinahama?

— Mwanzo kilihama. Mwezi wa tatu kikakataa. Mwezi wa tano kikawa kama ndimu, akaacha kulalia upande ule.

Aliandika haraka, mistari mitatu, minne. Akasema ana karatasi za mbwa hamsini na zaidi, na karibu zote mahali hapo pana mstari. Alikuwa na furaha ya kazi, na sikumlaumu. Mimi sikuwa nayo. Nilikuwa najua Kamanda ananitazama, na ilinibidi niinue uso.

— Mwezi wa kwanza, akasema.

— Nilidhani kupe, Kamanda. Halafu nikajua si kupe.

— Mbona hukuniambia?

— Ulikuwa umetoka kuzika. Sikutaka niwe mimi wa kukuletea neno lile tena.

Hiyo ni kweli, lakini ni nusu, kama kikombe cha Mama Nusu. Nusu ya pili ni kwamba nilijisemea, ni mbwa. Nilikuwa na kazi, kuna wateja, na kusema jambo ni kujitwisha jambo. Nilimkuna shingo miezi saba juu ya kitu nilichokijua, kila siku kikubwa kuliko jana, na kila siku nikasema kesho. Nikamwambia hivyo pia, mbele ya watu wote. Nilikuwa nimechoka nacho.

Nilitegemea hasira. Wembe pia aliitegemea, maana alisogea karibu nami kidogo, na kwa Wembe huo ni upendo mkubwa. Lakini Kamanda hakukasirika. Alitazama mikono yangu, akatazama ukuta nyuma yangu nilikotundika viatu vya watu kwa jozi, akakaa anavitazama muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa.

— Soli, akasema. Viatu vya shemeji yako ulikuwa unashona wewe.

— Ndiyo.

— Alikuwa anapita hapa kila asubuhi.

— Kila asubuhi.

— Maumivu yalianza lini?

Daktari aliacha kuandika. Mama Nusu alishika birika ampe mtu yeyote kitu chochote, akaliinamisha, hakikutoka kitu, akaliweka chini taratibu. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kamanda alikuwa hasemi nami kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia, aliyezoea kuambiwa hatujui.

Na mimi nilijua. Shemeji alikuwa na viatu vyeusi vya ngozi vya kwendea sokoni, alivivaa miaka sita. Mwaka ule wa mwisho kisigino cha kulia kilianza kuliwa, cha kushoto kikabaki kizima. Mtu anayetua upande mmoja anaukimbia upande wa pili, kila fundi viatu analijua hilo. Nilikibadilisha kisigino kile mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa kabla ya mvua, mwezi mmoja na kitu kabla ya pasaka, na mara ya tatu nilimtania kwamba anakanyaga kama ana ugomvi na ardhi. Alicheka, akalipa, akavaa, akaenda zake kwa uzito uleule upande uleule, na nikamwangalia mpaka alipokata kona. Sikumuuliza kitu.

Nikaweka sindano chini. Nikaondoa mkoba wangu kwenye kigoda cha mteja, nikakipangusa kwa kiganja.

— Kaa kwanza, Kamanda, nikamwambia.

Akakaa.